Jinsi Polikarp Alivyolichosha Gitaa

Sogeeni, enyi wa Majengo na wa Matogoro, nanyi mlioshuka leo kwenye basi la Tunduru mkiwa bado na vumbi la Namasakata kwenye kope! Wekeni chini vikapu, zimeni redio zenu za Dubai, na mwenye kikohozi akikohoe sasa akimalize, kwa maana haya nitakayoyasimulia si mambo ya kusikilizwa kwa sikio moja huku la pili likimsikiliza muuza vitumbua. Ni habari za Polikarp mwana wa Haule, mpiga gitaa wa Luhira Jazz, mwenye vidole virefu na subira fupi, aliyesimama mbele ya ukumbi mzima wenye njaa akaligeuza gitaa jipya kuwa la zamani, ili mwanamke mmoja tu ainuke kitini.

Yalitokea katika miaka ile ya ruhusa, nchi ilipofungua milango na vitu vikaingia kama maji ya masika: sabuni za manukato, suruali za mitumba zenye majina ya watu wa Ulaya mfukoni, na redio zenye spika mbili ambapo zamani moja ilitosha kijiji. Ndipo Songea nzima ikashikwa na homa ya upya. Mtu aliyekuwa na sufuria nzima aliionea aibu kwa kuwa ilikuwa ya mwaka jana.

Homa hiyo ilimpata pia Mzee Amedeus, baba mkwe wa Polikarp, seremala mstaafu, mtu mpole ambaye maishani hakuwahi kununua kitu bila kukigonga kwanza kwa kidole. Mkewe, Mama Walburga, alikuwa na mtamba mmoja mwekundu aliyemlea kwa chupa tangu akiwa ndama mgonjwa asiyeweza kusimama. Siku Walburga alipokwenda Mbinga kwenye msiba, Amedeus akamuuza mtamba yule, akanunua televisheni. Walburga aliporudi aliikuta sebuleni, kubwa, nyeusi, inang'aa. Amedeus akaiwasha kwa fahari. Ikanyesha mvua nyeupe, mvua ya kelele isiyolowesha shamba la mtu, kwa maana Songea wakati ule hapakuwa na matangazo ya televisheni hata ya kusingizia.

“Matangazo yako njiani,” alisema Amedeus. “Sisi tumetangulia kujiandaa.”

Mama Walburga hakumtukana mumewe, wala hakufunga mzigo kurudi kwao. Aliifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma, akanyamaza. Tangu siku ile neno lolote alilotaka limfikie mumewe alilipitisha kwa mtu mwingine, na alipokosa mtu alilipitisha kwa kuku. “Mwambieni mwenye mvua yake,” alisema uani, “kwamba ugali unapoa.” Na Amedeus alikuja, akala, akashukuru ukuta.

Sasa ndoa hiyo ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Watoto wao, ambao mkubwa wao ni Honorata, mke wa Polikarp, wakapanga jubilei: misa, kisha karamu katika ukumbi wa parokia. Na desturi ya ukoo ule ilikuwa kali kuliko sheria yoyote ya serikali: wenye jubilei ndio hufungua dansi, na kabla hawajacheza, chungu hakifunuliwi. Honorata akaenda kumwomba mama yake. Polikarp alimsindikiza, lakini kwa heshima ya ukwe akabaki nje, nyuma ya kona ya nyumba. Akasikia kila kitu.

“Kanisani nitakwenda,” alisema Mama Walburga huku akipepeta mchele, “maana niliyemwahidi ni Mungu, na Mungu hakuuza mtamba wangu. Lakini kucheza ni jambo jingine. Siku ya harusi yangu, mwanangu, sikucheza na baba yako peke yake. Nilicheza na lile gitaa la Luhira Jazz, lililokuwa linalia kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Ndilo lililonifanya nimwone baba yako mzuri. Nirudishieni sauti ile, nitainuka. Msiponirudishia nitakaa, na wageni waende wakale makwao!”

Lo! Aliyasikia hayo Polikarp, akajua kesi ni yake. Kwa maana sauti ile haikutoka kwenye gitaa tu. Ilitoka kwenye amplifaya ya kale ya bendi, sanduku zito kama gunia la mahindi mabichi, lenye taa za vioo ndani zilizowaka rangi ya makaa, ambazo hadi zipate moto wanamuziki walikuwa wamekwisha kunywa chai. Koo lake lilikuwa na mkwaruzo, mwili wake ulitetemeka, na kila noti ilifuatwa na mwangwi wake kama kivuli. Na ni nani aliyeiondoa? Ni yeye Polikarp. Siku alipokabidhiwa uongozi wa bendi aliitazama amplifaya ile, akatangaza kwa sauti ya waziri: “Hatuwezi kuingia kwenye soko huria na jiko!” Akaibadilisha na nyingine mpya, nyepesi, safi, isiyo na taa wala mkwaruzo, yenye sauti kama kijiko kikigonga sahani.

Siku ile ile aliyomsikia Mama Walburga akaifuata ile ya kale kwa fundi redio aliyeichukua. Taa zilikuwa zimekwisha kuvunjwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na kuku ameatamia, naye akamtazama Polikarp kwa jicho la mwenye nyumba.

Hapo shujaa wetu akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akashuka Majengo, uwanja wa mapambano ya biashara, akaingia dukani kwa Alfani, mfanyabiashara aliyetoka Tunduru na maneno mengi kuliko bidhaa.

“Karibu, bwana gitaa!” alinguruma Alfani akifungua mikono mbele ya rafu zake. “Zamani uliingia dukani ukaomba sukari, ukapewa pole. Leo, alhamdulillahi, soko liko huru! Taja kitu. Taja chochote kilichotengenezwa chini ya jua, na kama Alfani hana, basi ujue hakijatengenezwa!”

“Nataka sauti ya mwaka sitini na tisa,” alisema Polikarp.

Alfani akazitazama rafu zake, kulia hadi kushoto. “Ya rangi gani?” aliuliza.

Ndipo macho ya Polikarp yakashuka chini, yakaona. Kisanduku cha chuma, rangi ya kutu, kilikuwa kimezuia mlango usijifunge. Cha pili, kijani, kilikalia karatasi za kufungia zisipeperushwe na upepo. Cha tatu, cha buluu, kilikuwa kimeinua mguu mfupi wa meza. Kila kimoja kilikuwa na vifundo vya kuzungusha juu, na kitufe cha kukanyaga. Aliwahi kuviona vya namna hiyo miguuni mwa mpiga gitaa wa bendi moja ya wageni kutoka Dar es Salaam, na akajua mara moja kazi ya kila kimoja: unapitisha waya wa gitaa ndani yake kabla haujafika kwenye amplifaya, nacho kinaibadilisha sauti njiani.

“Hizo ni pedali za cherehani za Kijapani,” alisema Alfani. “Cherehani zenyewe hazijafika.”

“Zitafika lini?”

“Ziko njiani, inshallah.”

Polikarp hakumsahihisha. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani bila neno, kama mfalme anayeweka upanga. Alfani akaitikisa sikioni, akaridhika. Vikatoka visanduku vitatu, na Polikarp akavipa majina pale pale: chenye kutu akakiita Mkwaruzo, cha kijani Mtetemo, cha buluu Mwangwi. Meza ya Alfani ikalala upande.

“Na betri zake?” aliuliza Polikarp. “Zile ndogo za mraba.”

Hapo soko huria lilipata pigo. Alfani alipekua chini ya kaunta, akapanda ngazi, akateremka na buibui begani. Zilikuwepo betri za saa, zilikuwepo betri za tochi, ilikuwepo hata betri ya lori. Za mraba hazikuwepo. “Nazo,” alisema kwa heshima ya aliyeshindwa, “ziko njiani.” Basi Polikarp akachukua betri za tochi zilizokaa dirishani juani tangu biashara ilipofunguliwa. Nyumbani kwake Matogoro akazipanga mkia kwa kichwa ndani ya mwanzi, akazibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akavuta nyaya hadi kwenye visanduku, na taa nyekundu tatu zikawaka. Enyi mafundi wa Japani, mliovaa makoti meupe! Mlijua kuwa kazi yenu ingekuja kupewa uhai na mwanzi wa Matogoro?

Lakini ushindi hauji kwa haraka kiasi hicho. Polikarp, mtoto wa wakati wake, aliamini kwamba kilichonunuliwa kizungushwe hadi mwisho. Akazungusha vifundo vyote hadi mwisho. Akakanyaga vyote vitatu. Akapiga uzi mmoja.

Mbuzi wa jirani alikata kamba. Bati la nyumba likaitikia. Na haikuchukua muda akaingia uani mama mmoja ana debe la mahindi kichwani, akalitua, akajifuta jasho, akakaa juu ya jiwe.

“Baba Jane,” aliita Honorata kutoka jikoni, “una mteja.”

“Shikamoo, mama,” alisema Polikarp.

“Marahaba, baba. Nimesikia mashine ya kusaga mmeileta karibu. Mungu awabariki. Foleni inaanzia wapi?”

Mama yule alipoondoka na mahindi yake mazima, akinung'unika juu ya watu wanaodanganya wenzao, Polikarp alikaa chini akaanza vita vya pili, vita vya kurudi nyuma. Mkwaruzo akaupunguza hadi ukawa kama koo la mtu aliyeamka. Mtetemo akautuliza hadi ukawa kama maji ya ndoo yanapotuliwa. Akagundua kwamba Mwangwi ukitangulia mbele ya Mkwaruzo, mwangwi wenyewe unakwaruzwa na vyote vinakuwa uji. Basi akaupeleka nyuma kabisa, karibu na amplifaya. Akapunguza ukali wa gitaa lenyewe hadi nyuzi nyembamba zikaacha kupiga kelele. Kila jioni kabla giza halijaingia alipiga, na kila jioni Honorata alikaa mlangoni akimenya mihogo, macho kayafumba, kwa kuwa yeye alikua akiisikia amplifaya ile ya kale kila sikukuu hadi alipoolewa.

“Bado,” alisema.

“Bado nini, Mama Jane? Si inatetemeka?”

“Inatetemeka.”

“Si ina mwangwi?”

“Unao. Lakini hili lako lina afya mno. Lile lilikuwa limechoka. Lilikuwa linaimba kama mtu aliyetoka shambani, akanawa, akaketi, halafu ndipo akakueleza habari.”

Polikarp akasimama, akalishika gitaa kama mshitakiwa mbele ya baraza. “Nimelikwaruza!” alisema. “Nimelitetemesha! Nimelipunguza hadi linakaribia kuomba radhi kwa kuwepo! Sasa nilichosheje? Nilipe jembe likapalilie?”

“Sijui,” alisema Honorata. Akafungua macho, na Polikarp akaona yamejaa maji. “Mimi nataka tu mama aseme na baba. Juzi nimemkuta baba amekaa mbele ya ile televisheni imefunikwa na kitambaa. Haijawashwa. Anaitazama tu.”

Polikarp akaliegemeza gitaa ukutani kwa uchungu, akaingia ndani, na katika uchungu ule akasahau kuchomoa waya. Nayo ni tabia ya visanduku vile, kwamba waya ukiachwa umechomekwa vinaendelea kunywa betri kimya kimya, hata kama hakuna anayepiga. Vikanywa usiku ule, na siku iliyofuata, hadi asubuhi ya jubilei.

Misa ikasomwa, pete zikabarikiwa upya, na watu wakajaa ukumbini. Nani ataieleza harufu ya ukumbi ule? Vyungu vilipangwa ukutani kama ngome: wali, nguruwe, mbuzi, kuku wa kienyeji, na pembeni mapipa ya pombe ya komoni yakichemka kwa kukosa subira. Mbele ya ngome hiyo alisimama Getruda, mkuu wa wapishi, mwanamke mwenye mikono minene na neno moja, ameshika mwiko kama rungu. Padre mwenyewe alipita karibu, akavuta pumzi, akatabasamu. “Bado, Baba,” alisema Getruda. Padre akarudi kukaa.

Mzee Amedeus alikuwa amevaa koti lake la harusi, limembana kwapani. Mama Walburga alikaa kando yake katika kitenge cha kijani, na kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha mtamba.

Polikarp akapanda jukwaani. Akaviweka visanduku vitatu miguuni, akautua mwanzi wake wa betri, akakanyaga Mkwaruzo, akakanyaga Mtetemo, akakanyaga Mwangwi. Ngoma na besi zikaanza taratibu, naye akaingia na wimbo ule ule uliofungua harusi ya mwaka sitini na tisa.

Ulikuwa mzuri. Vichwa vilitikiswa, wazee wakatazamana. Mzee Amedeus akainuka, akamgeukia mkewe, akanyoosha mkono.

Mkono ukabaki hewani. Mama Walburga alisikiliza ubeti mzima, kisha akamwinamia Honorata. “Mwambie mkwe wangu amejitahidi,” alisema.

Enyi msikilizao, hakuna mkuki unaochoma kama neno hilo! Lilipita kutoka meza hadi meza, likafika jukwaani, na Polikarp akahisi shati limeganda mgongoni. Getruda akaegemeza mwiko wake juu ya kifuniko. Mtoto akaanza kulia njaa, na watu wazima wakamwonea wivu. Amedeus alibaki amesimama, mkono umenyooka, kama mtu anayeomba mvua.

Na wakati huo huo betri zikaanza kufa.

Kwanza taa nyekundu zikafifia. Kisha Mtetemo, uliokuwa ukienda kwa mwendo wa kijana, ukapunguza hatua, ukawa unapumua. Mkwaruzo ukashuka kooni, ukawa mzito na wa joto. Mwangwi ukapoteza ukali wake, ukarudi kutoka mbali ukiwa na kiza ndani yake. Noti iliyotoka imesimama wima ilifika kwa watu imeinama kidogo, kama mtu anayetua mzigo. Polikarp aliposikia hivyo alijua ameangamia. Akainama ili avizime vyote kabla fedheha haijawa kubwa.

“Usiguse!” Honorata alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi, hata padre akashtuka. “Baba Jane, usiguse kitu! Limechoka!”

Polikarp akaganda. Akanyanyuka polepole. Akaendelea kupiga, sasa bila kulisukuma gitaa, akilifuata tu linakotaka kwenda. Na sauti ile ikaenea chini ya paa la parokia, ya mtu aliyetoka shambani, akanawa, akaketi.

Mama Walburga aliinua kichwa. Mikono yake, iliyokuwa imefungana mapajani tangu asubuhi, ikaachana. Alilitazama lile jukwaa, halafu akamtazama mwanamume aliyesimama mbele yake katika koti linalombana, na akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akainuka.

Walicheza. Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa kuogopa kuwatisha. Walikwenda katikati ya ukumbi taratibu, mzee mmoja mnyoofu na mama mmoja mnene kidogo, na kwa kila mzunguko gitaa lilizidi kuchoka, likizama, likinong'ona, likatoa noti moja ndefu iliyokatikakatika, na taa ya mwisho ikazimika. Kimya. Kisanduku kilichokufa hakipitishi hata pumzi. Mpiga ngoma akainua fimbo zake asijue aendelee au la. Mpiga besi akaacha. Watu mia na zaidi wakakodoa macho katikati ya ukumbi, ambapo wawili wale walikuwa bado wameshikana.

Ndipo Mama Walburga akafungua kinywa, akasema na mumewe bila kumpitisha mtu, wala kuku, wala ukuta.

“Umenikanyaga.”

Mzee Amedeus akaitazama miguu yake. “Hata siku ile nilikukanyaga,” alisema.

“Siku ile ulikuwa mwepesi.”

Kukatokea kicheko mahali fulani nyuma, kikazuiwa, kikatoroka. Amedeus hakucheka. “Mama Honorata,” alisema kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulikuwa kimya na wote tulisikia, “yule mtamba...”

“Ya mtamba tutayasema nyumbani,” alisema Walburga. “Nina mengi. Utakaa kitako utanisikiliza hadi nimalize. Sasa cheza.”

“Gitaa limezimika.”

“Miguu yako imezimika?”

Wakacheza bila gitaa, na ukumbi wote ukawapigia makofi ya mwendo, na vigelegele vilivyozuiliwa vikafumuka kwa pamoja hata popo wakatoka darini. Getruda mwenye neno moja akafunua vyungu vyote, mvuke ukapanda kama moshi wa mji uliotekwa, na padre akaibariki karamu kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuzitoa tangu apewe upadri.

Na shujaa wetu? Alikuwa bado jukwaani, gitaa begani, mwanzi wake wa betri mkononi, hajui ashuke au abaki, watu wakimpita mbio kuelekea kwenye wali. Hakuna aliyempa mkono. Ndipo Mzee Amedeus alipokuja, akiwa na sahani yake ya heshima. Juu yake palikuwa na firigisi, ambayo katika karamu yoyote ya watu wetu haigusi mdomo wa mwingine isipokuwa baba mwenye nyumba. Mzee akaitoa, akaigonga kwa kidole, akaikata katikati kwa kisu chake cha mfukoni, na nusu moja, ile kubwa, akampa mkwewe.

Basi waandike wenye kalamu, na wasio na kalamu wakumbuke: mwaka huo milango ya nchi ilipokuwa wazi na kila kitu kikiwa njiani, katika ukumbi wa parokia mjini Songea, mbele ya padre, wapishi na mashahidi wasiohesabika, Polikarp mwana wa Haule alipewa nusu ya firigisi. Akaila akiwa amesimama.